Mlango ambao Getruda hakuufungua

Jua limekwisha kupanda juu ya Ziwa Basotu, lakini ubaridi wa asubuhi haujaachia. Mbele ya ghala la mahindi lenye paa la bati, Getruda Bura anavua hereni zake. Kisha anavua pete ya ndoa, akiizungusha taratibu kwa sababu siku hizi imembana. Anavifunga vyote pamoja na simu katika kitambaa, anatembea hadi upande upepo unakotokea, na kumkabidhi bibi mmoja aliyeketi kwenye kigoda, shuka limefunika magoti.

“Shika, mama.”

“Nimeshika. Nenda, ila usiharakishe.”

Bibi huyo ni Fransiska Sulle, mama mzazi wa Herman, mume wa Getruda. Amevuka miaka sabini. Kila anapotoka Masieda, wilayani Mbulu, kuja kuwatembelea wanawe huku Hanang, humfuata mkwe wake kazini na kukaa mbali kidogo mpaka kazi iishe. Watu wa Basotu wamezoea kuwaona hivyo, mmoja kigodani, mwingine anaingia ghalani.

Getruda, mwenye umri wa miaka 46, ni mfukizaji wa nafaka. Dumuzi na fukusi, wadudu watoboao nafaka, wakiingia kwenye mahindi, gunia lililovunwa Julai huwa unga mtupu kabla ya Krismasi. Hapo ndipo anapoitwa. Anavaa barakoa nzito ya mpira yenye kichujio, anavaa glavu, na sauti yake inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Ndani, magunia yamepangwa juu ya chaga na kufunikwa turubai kubwa. Anainua pembe, anaweka trei za vidonge vya kijivu, anashusha turubai na kulikandamiza kwa mifuko mirefu ya mchanga. Kisha anatoka, anafunga mlango, anaziba kila upenyo na kubandika karatasi nyekundu yenye fuvu la kichwa.

“Sasa tuuachie unyevunyevu ufanye kazi,” anasema akivua barakoa, nywele zimelowa jasho.

Kazi hii alifundishwa na mzee Patriki, mfukizaji wa zamani wa Katesh, wakati yeye akiwa kibarua wa kuchambua mahindi. Patriki alimwona anauliza maswali ambayo vibarua wengine hawakuuliza, akamshauri aende mafunzo Arusha akachukue leseni. Alirudi akiwa na cheti na hofu nyingi, na hofu hiyo anasema hajawahi kutaka imtoke.

“Mzee Patriki alinieleza hivi,” anakumbuka. “Alumini unaijua, ni hii ya sufuria. Fosforasi ni kitu kingine, kikali. Ukiviunganisha unapata fosfidi ya alumini, ndiyo hivi vidonge. Vikiwa vikavu, vimefungwa kwenye chupa yake, vimelala. Lakini vikipata unyevu, hata huu tu ulioko hewani, maji yanakuja kuvitenganisha. Alumini inabaki na maji, inakuwa majivu ya kijivu. Fosforasi inaondoka na hidrojeni, inakuwa gesi. Hiyo gesi inaitwa fosfini, na hiyo ndiyo inayoua.”

Fosforasi, anaendelea, huungana na metali nyingi. Ikiungana na magnesi, gesi hutoka haraka zaidi. Ikiungana na zinki, inakuwa ule unga mweusi wa kutegea panya, ambao hungoja asidi ya tumbo ili uamke. “Ni ndugu wa ukoo mmoja. Tofauti yao ni nani anaamka upesi na nani anachelewa.”

Gesi hiyo haionekani. Mara nyingi hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini Getruda hawashauri watu waiamini pua yao, kwa sababu harufu inaweza kutoweka na gesi ikabaki. Akishafukiza, ghala hufungwa kwa siku kadhaa. Kwenye baridi kama ya Mbulu huongeza siku. Kisha hufunguliwa lipigwe na upepo, na yeye hupima hewa kwa kipimo kabla mtu yeyote hajakanyaga ndani.

“Haina dawa ya kuiondoa mwilini,” anasema. “Mtu akiivuta, daktari anamsaidia apumue na moyo usisimame, basi, wanaomba Mungu. Ndiyo maana kazi yangu kubwa siyo kuweka vidonge. Kazi yangu ni kuzuia watu.”

Na kuzuia watu kulimgharimu.

Mwishoni mwa mwaka 2023, Getruda na Herman walikuwa na nyumba yao ya vyumba vitatu kule Jorodom, katika mji wa Katesh, chini ya Mlima Hanang. Herman alikuwa Basotu, akiendesha trekta kwenye mashamba ya ngano. Bibi Fransiska alikuwa amekuja kumwona mjukuu wake Sara, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne.

Jumamosi moja, Getruda alifukiza ghala la mfanyabiashara mmoja, lililojengwa kwa mawe kwenye sehemu ya juu kidogo, hatua chache kutoka mtaani kwake. Usiku mvua ikaanza. Ilinyesha bila kupumua.

Alfajiri ya Jumapili hakuweza kulala. Vidonge vile na maji mengi havipatani. Maji yakivimwagikia vingi kwa pamoja, gesi hutoka kwa nguvu na inaweza hata kuwaka moto yenyewe. Alihofia paa la ghala.

“Mama alikuwa macho. Nikamwambia, mama, naenda kuangalia bati, narudi kuchemsha chai.”

Alikuwa akizunguka ghala na tochi aliposikia mlima. Alidhani ni radi isiyotaka kuisha. Kisha ardhi ikatetemeka chini ya miguu yake, na katika mwanga hafifu wa kupambazuka akaona tope likishuka na mawe na magogo, likipita pale ambapo dakika iliyopita palikuwa na nyumba za watu.

Watu wakaanza kupanda. Waliopona walitafuta sehemu ya juu, na sehemu ya juu iliyokuwa karibu ilikuwa pale ghalani, kuta za mawe, paa zima, mlango wa chuma. Akina mama wamebeba watoto, wazee wameshikwa mikono, wote wamepakwa tope mpaka kwenye kope, mvua inawapiga.

“Fungua!” walimpigia kelele.

Alijibandika mlangoni, mgongo kwenye chuma. Aliwaambia ndani kuna sumu. Aliwaonyesha ile karatasi nyekundu, lakini mvua ilikuwa imeibandua nusu. Mwanamume mmoja alimvuta mkono na kumwambia analinda mahindi ya tajiri watoto wakifa. Mwingine alishika jiwe apige kufuli.

“Nilimwambia yule wa jiwe, ukitaka kuvunja, anza na kichwa changu. Kwa sababu ukivunja hilo kufuli, hawa watoto wote utawazika wewe.”

Yule mtu akashusha jiwe. Na nyuma yake, kutoka kwenye mvua, akatokea bibi Fransiska. Hakuwa na viatu. Alikuwa ametapakaa tope mpaka kifuani. Mgongoni, ndani ya shuka, alikuwa amembeba Sara.

Getruda aliposikia ule mngurumo alijua nyumba yao iko njiani mwa tope, na tangu dakika ile alikuwa amesimama pale akiwazuia watu huku moyoni anajua huenda hana tena mtoto. Sasa mtoto yuko mbele yake, mzima, analia kwa baridi.

“Mama Sara,” bibi alisema, akihema. “Fungua tuingie.”

“Mama, siwezi.”

“Ni mwanao huyu.”

“Namwona, mama. Siwezi. Pandeni shuleni. Mpeleke shuleni, nakuomba.”

Bibi alimtazama. Shule ilikuwa mbali kwa mtu wa umri wake, kwenye mteremko wa utelezi, katika mvua ile.

“Kwetu,” alisema bibi, “hata ng’ombe wa mtu mwingine akija na mvua, unamfungulia zizi.”

Akageuka, akaanza kupanda. Watu wengine, walipoona mwanamke yule amemkatalia hata mama mkwe na mtoto wa tumbo lake, wakaacha kugombana. Mmoja baada ya mwingine wakamfuata bibi.

Getruda hakwenda nao. Kila mara kundi jingine lilikuwa linatokea chini, na angeondoka tu, mlango ungevunjwa. Alibaki pale peke yake, akimtazama bibi akiteleza na kuinuka, akiteleza na kuinuka, mpaka ukungu ukawafunika.

“Watu huniuliza kama nilikuwa jasiri,” anasema, na kwa mara ya kwanza anatazama pembeni. “Nilikuwa nalia kama mtoto. Nilikuwa nasema, Sara, nisamehe, Sara, nisamehe. Lakini mgongo sikuutoa.”

Kulipokuwa kumeshakucha kabisa, walifika mgambo wawili. Aliwaeleza, akawaachia mlango, akakimbia. Aliwapata kwenye darasa la shule. Sara amelala, amefungwa kwenye shuka la bibi. Bibi mwenyewe ameketi sakafuni na gauni lililolowa, meno yanagongana.

Getruda alipiga magoti. “Shikamoo, mama.”

Bibi hakuitikia.

Katika nchi hii ya juu, ambako mtoto hufundishwa shikamoo kabla hajajua kuvaa viatu, mzee kutoitikia salamu si jambo dogo. Getruda alibaki amepiga magoti mpaka mama mmoja akamwinua.

Nyumba yao ilikuwa imekwenda, na kitanda, na mashine ya kushonea, na kuku. Siku iliyofuata bibi Fransiska alipata homa ya mapafu, akalazwa. Getruda alimpelekea uji kila asubuhi. Bibi alikunywa uji, akarudisha kikombe bila neno. Alipopata nafuu alimwomba Herman amrudishe Masieda, na hakuaga.

Ghala lilipofunguliwa baadaye na kupigwa upepo, walikuta ndani mizoga ya panya na ya paka wawili, waliokuwa wameingia kupitia tundu lililotobolewa ukutani na jiwe lililoporomoka kutoka mlimani. Herman alimpigia mama yake simu kumweleza. Alidhani hilo litamaliza mambo.

“Paka si mtu,” mama yake alijibu, akakata simu.

Herman, mwanamume mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi, anasema kipindi hicho alikuwa kama mtu aliyeshikwa mikono miwili na kuvutwa huku na huku. “Mke wangu hakukosea. Na mama yangu aliumia. Vyote viwili ni kweli. Ningemwambia nani kati yao kwamba anyamaze?”

Ukapita mwaka, na miezi juu yake. Getruda na Herman walipanga chumba mjini Katesh. Sara alikwenda Masieda likizo na kurudi na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, ya baba, ya Sara. Salamu za Getruda hazikuwamo.

Kisha dumuzi waliingia Masieda.

Mahindi ya mwaka ule yalikuwa mazuri, lakini wiki chache baada ya mavuno watu waliyasikia magunia yakilia usiku, ule mchakacho mdogo wa wadudu wanaotafuna. Wanakijiji walikubaliana kuyakusanya katika jengo moja tupu lililo mbali na makazi, wakatafuta mfukizaji mwenye leseni. Aliyekuwa karibu alikuwa Getruda.

Alifika na barakoa yake begani. Kabla ya kwenda popote alipita kwa mama mkwe wake, kama inavyopasa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba,” bibi alijibu, akitazama chini. Alimpa maji ya kunywa. Hawakuongea zaidi ya hapo.

Kesho yake asubuhi, Getruda akijiandaa mbele ya lile jengo, alimwona bibi amesimama mbali, amejifunga shuka, anatazama tu. Akaendelea na kazi. Akavua hereni. Akavua pete.

“Kwa nini unavua pete?”

Lilikuwa swali la kwanza bibi kumuuliza tangu Jorodom. Getruda alishtuka, karibu aangushe ile pete.

“Gesi inaila, mama. Dhahabu hii ya kwetu ina shaba ndani yake, na ile gesi ikikutana na shaba inaiharibu. Inakuwa nyeusi. Hata simu siingii nayo, ina nyaya za shaba.”

“Nyeusi vipi?”

“Nyeusi tu. Kama imetoka kwenye moshi, lakini ukiisugua haitoki.”

Bibi Fransiska alikaa chini palepale, kwenye majani yenye umande. Getruda alidhani ameanguka, akamkimbilia. Bibi alikuwa amemshika mkono kwa nguvu.

“Na harufu yake? Ina harufu?”

“Kama kitunguu saumu, mama. Siyo kila mara.”

Kazi ya siku ile ilianza mchana. Asubuhi yote bibi alikuwa anasimulia.

Getruda alikuwa anajua tu kwamba mumewe aliwahi kuwa na dada aliyekufa mdogo. Jina lake halikutajwa nyumbani. Sasa alilisikia. Judica. Alikuwa kitinda mimba wa Fransiska, mwenye miaka kama kumi, mcheshi, mpenda kuimba. Zaidi ya miaka ishirini na mitano iliyopita, jioni moja, alikwenda kulala kwa jirani yao, Rogathe, kwa sababu yeye na mtoto wa Rogathe walikuwa hawaachani. Watoto wote wawili walikula makande, wakaenda kulala katika chumba cha nyuma, chumba chenye magunia ya mahindi. Asubuhi hawakuamka.

Rogathe ndiye aliyepika yale makande. Wakubwa wa nyumba ile walikula chungu hicho hicho na hawakufa, lakini msiba hauna hesabu. Wengine walisema chakula kilikuwa kibaya. Wengine walisema neno zito kuliko hilo, hasa baada ya maziko, chumba kilipofunguliwa tena na ikakutwa bangili ya shaba ya Judica, ambayo aliivua na kuitundika kwenye msumari kabla ya kulala, imekuwa nyeusi tititi. Walisema ni laana. Walisema Rogathe anajua alichofanya.

“Na mimi nilisema,” bibi alimwambia mkwe wake. “Nilimuuliza mbele ya watu, ulimpikia nini mwanangu? Tangu siku ile sijaingia kwake. Tumekutana kisimani, kanisani, mnadani. Sijampa mkono.”

Getruda aliuliza polepole, kwa maneno machache, kama mtu anayekanyaga gizani. Je, kulikuwa na dawa kwenye yale magunia? Bibi hakujua. Anayejua ni Rogathe.

Walikwenda jioni ileile. Si mbali, ni bonde moja tu na shamba la maharage, lakini bibi alisimama mara nyingi njiani. Rogathe alikuwa anaokota kuni uani. Naye ni mjane sasa, amepinda mgongo. Alipoona ni nani anaingia kwake, kuni zilimdondoka.

“Karibuni,” alisema, sauti ndogo.

Wakakaribishwa vigoda. Hakuna aliyejua pa kuanzia, basi Getruda akaanza yeye, kwa sababu ni mtoto kwa wote wawili na mtoto hukubaliwa kukosea. Aliomba radhi kwa kuutonesha msiba. Akauliza kama siku zile kulikuwa na dawa kwenye mahindi.

Rogathe alifikiri. Ndiyo, marehemu mume wake, Nicodemo, alinunua dawa ya wadudu mnadani. Vidonge. Alivileta vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, havina maandishi, havina maelezo. Akavitumbukiza kwenye magunia siku hiyohiyo mchana, na usiku watoto wakalala mle.

“Ulisikia harufu?”

“Ya kitunguu saumu,” Rogathe alisema mara moja. “Usiku nilimwambia Nicodemo, mbona nyumba inanuka kitunguu saumu na sisi hatuna? Akasema nilale.”

Getruda akaeleza. Alieleza kama alivyoelezwa na mzee Patriki, bila haraka, alumini na fosforasi na unyevu wa hewa, na pumzi za watoto wawili katika chumba kilichofungwa madirisha kwa baridi. Alipofika kwenye shaba, Rogathe aliinua uso.

“Kwa hiyo hakikuwa chungu changu?”

“Mama, mimi sikuwepo. Siwezi kuapa. Lakini shaba haiwi nyeusi kwa sababu ya makande.”

Rogathe akasema jambo ambalo hata watoto wake wengine hawakuwa wakilijua. Alisema naye aliamini. Miaka yote ile aliamini kwamba kulikuwa na kitu kwenye yale maharage, kitu ambacho hakukiosha vizuri, au chungu kisichosuguliwa, na kwamba alimuua mtoto wake na mtoto wa mwenzake kwa mikono yake. Hakupika tena makande tangu siku ile, na watu walipomuuliza alisema tumbo linamsumbua.

“Na Nicodemo alikufa hajui,” alisema.

“Hakujua, mama. Aliyemuuzia kwenye gazeti hakumwambia. Alikuwa analinda chakula cha watoto wake.”

Bibi Fransiska alisogeza kigoda chake, kikakwaruza udongo, mpaka magoti yake yakagusa magoti ya Rogathe.

“Nimepita mlangoni pako miaka yote hii bila salamu.”

“Ulikuwa umefiwa,” Rogathe alisema.

“Na wewe ulikuwa umefiwa.”

Ndipo wakalia, wale wazee wawili, wameshikana vichwa. Getruda alitoka nje, akasimama karibu na zizi, akawaachia.

Walirudi giza likiingia. Katikati ya shamba la maharage bibi alisimama tena, na Getruda akadhani amechoka, akampa bega.

“Siku ile Jorodom,” bibi alisema, “nilidhani umenifungia mlango.”

“Najua, mama.”

“Laiti usiku ule kwa Rogathe pangekuwa na mtu wa kusimama mlangoni.”

Bibi alimshika mkono, wakaendelea kutembea, na walipofika nyumbani bibi alikoka moto, akampa maziwa, akamwandalia mahali pa kulala karibu na jiko, pale anapolala mgeni anayependwa.

Leo hadithi hiyo inajulikana Masieda nzima, maana Fransiska mwenyewe aliisimulia kanisani baada ya ibada, amemshika Rogathe mkono. Haikuwa rahisi kwa kila mtu. Wapo waliokuwa wameitia chumvi ile laana kwa miaka mingi, na siku ile walitazama viatu vyao. Lakini tangu hapo watu humjia Getruda na maswali ambayo zamani hawakuyauliza. Mahindi haya niliyonunua mnadani yana dawa gani? Huu unga mweusi wa panya niuweke wapi watoto wasiufikie? Mama mmoja alimletea vidonge vilivyofungwa kwenye nailoni, akivishika mbali na mwili kama mtu aliyeshika nyoka. Getruda alimwambia avipeleke nje kwanza, kwenye upepo, pakavu, ndipo waongee.

Kazi yake ni ya msimu. Baada ya mavuno hulala nyumbani kwa nadra, na miezi ya mvua hukaa bila kuitwa, wakaishi kwa mshahara wa trekta wa Herman. Hata hivyo anachokipigania sasa kinaweza kumpunguzia kazi. Pamoja na wanawake wa Masieda anasimamia ujenzi wa ghala la kijiji, la tofali, lililo peke yake kwenye mwinuko ambako hakuna nyumba. Nusu ya mahindi wanataka yahifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa wenyewe bila sumu yoyote. Vidonge vibaki kwa dharura, na viwekwe na mwenye leseni.

Sehemu ya ardhi imetolewa na Rogathe. Msingi umekwisha kuchimbwa. Fransiska na Rogathe hufika pale karibu kila siku, wanakaa juu ya mawe na kubishana na fundi kuhusu mambo wasiyoyajua, kisha wanarudi nyumbani pamoja kwa sababu, kama Rogathe anavyosema, wana maongezi mengi ya kufidia.

“Nataka katika kijiji hiki asiwepo tena mtoto anayelala chumba kimoja na gunia,” anasema Getruda. “Nikiona hilo, hata nikikosa kazi nitashukuru.”

Lipo pia jambo lake mwenyewe. Tangu tope lichukue nyumba ya Jorodom, hawajapata moyo wa kujenga tena chini ya mlima. Mwezi uliopita bibi Fransiska aliwaita yeye na Herman, akawaonyesha kipande cha shamba kando ya nyumba yake, kinachotazama bonde, na kusema hicho ni cha mama Sara. Hakusema cha Herman. Herman alicheka mpaka akafuta machozi.

Tofali zinafyatuliwa. Sara, ambaye sasa anasoma, ataanza muhula mpya katika shule ya Masieda, na kwenye njia ya shule bibi anataka yeye ndiye awe anamsindikiza.

“Nyumba haitaisha upesi, tunajenga kidogo kidogo,” Getruda anasema, akipokea kitambaa chake kutoka mapajani mwa mama mkwe na kuvaa pete. “Lakini mama amesema mvua za kwanza zikinyesha tupande maboga pembeni ya msingi, tusingoje paa. Tutahamia yakianza kutambaa, hata kama kitakuwa chumba kimoja tu kilichoezekwa.”